Darini Kuna Mtu

Wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba hadithi za kutisha za Wazungu, zile ambazo wao wenyewe huziita za Kigothi, ni elimu ya nafsi ya mkosaji, na kwamba thamani yake huanzia hapo na kuishia hapo. Mchukue mtu aliyetenda dhambi, wanasema, mfungie ndani ya nyumba yeye na dhambi yake, kisha tega sikio. Ukimwona anatapatapa, umeiona sanaa. Lakini ukitia humo kilio cha wanyonge, au harakati za kina mama waliokuwa wakizunguka mitaani na karatasi za kutiwa saini, basi umeivua hadithi nguo zake za usiku na kuianika juani. Maneno hayo nimeyasikia barazani zaidi ya mara moja. Sasa naambiwa kuwa mkusanyo wa tafsiri za hadithi hizo umo njiani, na kwamba wasimulizi wake wote, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, ni wanaume waliotenda uovu.

Nayapinga maneno hayo na naupinga mpango huo. Wala sifanyi hivyo kwa kutompenda Edgar Allan Poe. Nimekesha naye miaka mingi, na "The Black Cat" nimeifasiri mara mbili, mara ya pili kwa kutoridhika na ya kwanza. Ni kwa kuifasiri ndipo nilipoliona shimo lililomo ndani yake.

Wasomaji wengi wanaijua hadithi hiyo, iliyotoka mwaka 1843. Mlevi anamtoboa jicho paka wake, anamtundika kitanzini, analeta paka mwingine, na siku moja anaponyanyua shoka kumpiga huyo wa pili, mkewe anamshika mkono. Shoka linamshukia mke. Mume anamzika ndani ya ukuta wa ghala la chini, anaukandika ukuta vizuri, na hata askari wanapokuja hawaoni kitu. Ni yeye mwenyewe, kwa kiburi, anayeugonga ukuta kwa fimbo mbele yao, na kutoka ndani ikajibu sauti ya paka aliyezikwa pamoja na maiti.

Hebu tuulize swali dogo la kifasiri. Mke huyo anaitwa nani? Hana jina. Anasema nini tangu mwanzo hadi mwisho? Hapana neno hata moja linalotoka kinywani mwake na kuandikwa kama alivyolitamka. Paka ana jina, anaitwa Pluto. Mke hana. Tunakaa kurasa chungu nzima ndani ya kichwa cha muuaji, tunapimiwa kila mshtuko wa moyo wake, na anayestahiki kudai yumo ukutani, kimya, hata kilio chake ameazimwa na mnyama. Nakubali kwamba Poe alikuwa fundi, na huenda kimya hicho alikikusudia. Lakini msomaji anayetuambia kwamba hapa ndipo penye kina chote cha majuto, huyo ameusifu ukandikaji wa ukuta.

Na hapa lugha yetu ina neno la kusema. Mfasiri wa Kiswahili akifika kwenye habari za hatia ya moyoni hulazimika kuchagua. "Hatia" ni neno la mahakama, na "dhambi" ni la msikiti na kanisa. "Majuto" huja baadaye, nasi twajua kuwa ni mjukuu. Lililo karibu zaidi na jambo lenyewe ni lile tunalolisema kila siku bila ya kulipima: nafsi ilimsuta. Dhamiri yamsuta. Sasa, kusuta ni nini? Si mtu kukaa peke yake akatetemeka. Kusuta ni kumwendea mtu mlangoni kwake, pamoja na mashahidi, na kumkabili kwa alilolitenda au alilolisema, mtaa ukisikia. Na pwani hii nzima yajua nani mabingwa wa kusuta. Ni wanawake. Husuta kwa kinywa, husuta kwa kanga, na husuta kwa wimbo. Siti binti Saad na wenzake walipoimba habari za Kijiti, muuaji aliyetoroka baada ya kumwua mwanamke, hawakutuweka ndani ya kichwa cha Kijiti tuhesabu mapigo ya moyo wake. Walimtaja kwa jina.

Basi Kiswahili, tangu zamani, kimeikataa ile nyumba ya Poe yenye mtu mmoja. Kwetu majuto yana watu wawili: anayesuta na anayesutwa. Aliyefundishwa kusoma na lugha hii hawezi kusikia kwamba harakati za wanawake ni kitu cha kigeni kilichoingizwa kwa nguvu katika hadithi za hatia, asicheke.

Tutazame basi huko huko Marekani, katika miaka ile ile ya Poe. Dada wawili wa nyumba ya Grimké, Sarah na Angelina, walizaliwa Charleston, katika jimbo la South Carolina, ndani ya familia tajiri iliyomiliki watumwa. Waliyoyaona utotoni hayakuwaachia usingizi. Walihama kwenda kaskazini, na mwaka 1836 Angelina akaandika waraka kuwahutubia wanawake Wakristo wa Kusini, yaani mama zake, dada zake na mashoga zake, kuwaambia kwamba wanalijua wanalolificha. Nakala zilizopelekwa Charleston zilichomwa moto, naye akatahadharishwa asirudi. Mwaka 1837 wachungaji wa Massachusetts walitoa waraka wa kuwakemea wanawake wanaothubutu kuhutubia hadhara. Februari 1838 Angelina alisimama mbele ya kamati ya baraza la kutunga sheria la jimbo hilo hilo. Mwezi wa Mei alihutubia Philadelphia, katika ukumbi mpya wa wapinga utumwa, huku mawe yakivunja madirisha. Usiku uliofuata umati ukauteketeza ukumbi, siku tatu tu tangu kufunguliwa.

Wakati huo huo wanawake wa miji na vijiji vya kaskazini walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kukusanya saini. Maombi yao yalirundikana mjini Washington hata Baraza la Wawakilishi likapitisha, mwaka 1836, kanuni ya kuyaweka kando bila ya kuyasoma, na kanuni hiyo ikadumu hadi 1844. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa maiti kukandikwa ukutani. Taifa zima liligonga ukuta kwa fimbo likisema, tazameni jinsi ulivyo imara.

Hadithi ya Angelina ina sura nyingine ambayo mtunzi yeyote wa Kigothi angeiuzia roho. Mwaka 1868, vita vimekwisha, alisoma gazetini habari za mwanafunzi mweusi wa chuo kimoja cha Pennsylvania aliyeitwa Grimké. Akaandika barua kuuliza. Jibu likaja kwamba yeye na ndugu zake ni watoto wa kaka yake Angelina, Henry, waliozaliwa na mtumwa wake, Nancy Weston. Nyumba ilikuwa na chumba ambacho yeye, mpinga utumwa mashuhuri, hakukijua. Angelina aliwakiri hadharani kuwa ni watoto wa kaka yake, akenda kuwaona, na dada hao wawili wakasaidia masomo yao: Archibald akawa mwanasheria, Francis akawa mchungaji. Wanahistoria wa siku za karibuni wamekuwa wakali kwa madada hao, na wana haki ya kuuliza kwa nini ilichukua muda wote huo. Lakini huyo ni mtu aliyesutwa na akafungua mlango. Ni aibu ya namna gani hii inayohesabiwa haina uzito wa kisanaa, eti kwa sababu haikuishia kwenye wazimu?

Najua nitajibiwa kwa jina la Harriet Beecher Stowe. Wataniambia: haya, mwanamke mwanaharakati aliyeandika riwaya huyu hapa, na tazama machozi yake yalivyoilowesha karatasi. James Baldwin alilisema hilo mwaka 1949 kwa ukali ambao hakuna aliyeufikia tangu hapo, nami sina nia ya kumtetea Stowe dhidi ya Baldwin. Tomu wake ni mtakatifu wa udongo, na watu weusi walio hodari kabisa wanasafirishwa kwenda Liberia mwishoni mwa kitabu kana kwamba Marekani haikuwa yao. Hayo ni kweli. Hata hivyo, katika *Uncle Tom's Cabin*, riwaya iliyotoka kitabuni mwaka 1852, zimo sura chache ambazo wapenzi wa hadithi za kutisha wangezisoma upya kama wangekuwa waaminifu kwa mapenzi yao.

Simon Legree, mwenye shamba, ana dari asiyothubutu kuipanda. Mwanamke mtumwa alifungiwa huko juu akafa. Cassy, mtumwa ambaye Legree amemfanya hawara kwa nguvu, anaijua hofu hiyo kuliko Legree anavyoijua mwenyewe. Anachomeka shingo ya chupa kuukuu katika tundu la ubao, na upepo ukivuma darini panalia. Kisha yeye na binti mwenzake, Emmeline, wanajifanya kukimbilia vinamasini, wanarudi kwa mlango wa nyuma na kujificha mle mle darini, juu ya kichwa cha mtu anayewasaka kwa mbwa. Usiku Cassy anashuka amejitanda shuka nyeupe. Legree ananywa hadi anakuwa kama mfu. Hapo Stowe amefanya jambo ambalo Poe hakulifanya: ametutoa ndani ya kichwa cha mkosaji, akatupandisha darini kukaa na mwenye kudai, na kutuonyesha kwamba pepo anayemtesa dhalimu ana mikono, ana akili na ana chupa. Majuto ya Legree ni kifaa, na Cassy anakitumia kama mvuvi anavyoutumia upepo. Zaidi ya wanawake nusu milioni wa Uingereza walitia saini zao katika waraka wa kuupinga utumwa uliopelekwa kwa Stowe mwaka 1853, majalada 26 mazima. Kitabu kilikuwa kimesuta.

Ila nami nasema Stowe hatoshi. Huyo Cassy ametungwa na mwanamke aliyelala kitandani pake. Mwanamke wa kweli wa darini alikuwapo, alikuwa hai, na alijua kuandika.

Harriet Jacobs alizaliwa utumwani mnamo mwaka 1813 katika mji wa Edenton, jimbo la North Carolina. Bibi aliyemmiliki alipofariki, mwaka 1825, alirithiwa na mtoto wa miaka 3, na kwa hiyo akawa mikononi mwa baba wa mtoto huyo, daktari James Norcom. Tangu Jacobs yungali kigori, daktari alimwandama: kwa maneno ya kunong'onezwa, kwa vijibarua, kwa vitisho, kwa ahadi ya kumjengea kijumba mbali na mji. Huko kuandamwa kulidumu miaka na miaka. Anayetaka kuisoma hali ya mtu aliyetekwa na tamaa moja hata akapoteza fahamu za mengine yote, amsome daktari huyu. Kila alipokataliwa alizidi. Jacobs alipotoroka mwaka 1835, daktari alitangaza gazetini zawadi ya dola 100, akawatia jela watoto wake Jacobs, kaka yake na shangazi yake, akakopa fedha na kusafiri hadi New York kumtafuta.

Naye Jacobs hakuwa New York. Alikuwa juu ya kibanda kilichoshikana na nyumba ya bibi yake, mwanamke huru aliyekuwa akioka na kuuza mikate, mwendo mfupi tu kutoka kwa daktari. Uwazi ule uliokuwa baina ya mbao na mapaa ulikuwa na urefu wa futi 9, upana futi 7, na palipokuwa juu kabisa palikuwa na futi 3. Hawezi kusimama. Akigeuka usiku hugonga mwinamo wa paa. Wakati wa joto utomvu wa mbao humdondokea kichwani. Wakati wa baridi miguu hufa ganzi. Panya hupita kitandani. Alikaa humo takriban miaka 7.

Siku moja alipapasa akakuta keke imesahauliwa ukutani. Akatoboa vitundu, akavichimba kuvichanganya, mpaka akapata kitundu cha inchi 1. Kwa jicho moja aliwaona watoto wake wakicheza chini, wasijue kuwa mama yao yu juu yao. Alimwona pia daktari akipita. Akaanza kumwandikia barua, akazitia tarehe na anwani za kaskazini, akatumia kipande cha gazeti la New York kupata majina ya mitaa, na rafiki mwaminifu akazipeleka zitiwe posta huko huko. Daktari alizipokea, akazigeuza maneno na kuja kumsomea bibi mtu uongo wake mwenyewe, ilhali mwandishi wa barua halisi ametulia kimya karibu na mlango akisikiliza.

Wasomaji, nauliza: ni jumba gani la kifalme lenye mizuka, ni ngome gani ya Italia iliyotungwa London, inayoikaribia dari hiyo? Na nani humo aliyefungwa? Mwenye mji wote wa kutembea alikuwa daktari, lakini ndiye asiyeweza kutoka katika duara lake.

Hatia nayo imo, na si ya daktari tu. Ili kumkwepa Norcom, Jacobs alijitoa kwa mwanasheria wa Kizungu, Samuel Tredwell Sawyer, ambaye baadaye alikwenda Washington kuwa mjumbe wa Bunge. Watoto wake wawili ni wa mtu huyo. Jambo hili analisimulia kwa aibu inayochoma karatasi. Anaeleza jinsi bibi yake alivyomfukuza kwa maneno makali kisha akamrudia kwa huruma. Na baada ya kukiri anafanya kitu ambacho msimulizi wa Poe hawezi hata kukiwaza. Anaigeuza aibu yake kuwa hoja, na kumwambia msomaji, bibi aliyelelewa kwa usalama, kwamba mwanamke mtumwa hapimwi kwa kipimo kile kile. Anajilaumu na kumsuta anayemlaumu, katika aya moja.

Alitoka darini mwaka 1842 kwa jahazi hadi Philadelphia, kisha New York, akapata kazi ya kulea mtoto katika nyumba ya Nathaniel Parker Willis. Wapenzi wa Poe lazima wamjue Willis. Ndiye mhariri aliyempa Poe kazi mwaka 1844 katika gazeti la Evening Mirror, na ndimo humo mlimotangazwa "The Raven" Januari 1845. Kunguru yule anayekariri neno moja chumbani mwa mtu mwenye majonzi, dunia nzima yamjua. Yaya aliyekuwa akimlea binti wa mhariri yule yule, aliyekuwa na miaka 7 ya giza kichwani mwake, hakuna aliyemwuliza kitu. Alipokuja kuandika kitabu chake, miaka baadaye, aliandika usiku, kwa siri, mtoto akishalala, kwani hakumwamini Willis katika suala la utumwa.

Kabla ya kuandika mwenyewe, alifikiri kumpa Stowe habari zake. Rafiki yake Amy Post, Mkweka wa Rochester aliyehudhuria mkutano wa haki za wanawake wa Seneca Falls mwaka 1848, alimwandikia Stowe kwa niaba yake. Stowe aliipeleka barua ile kwa mke wa Willis kuuliza kama ni kweli, jambo lililomfedhehesha Jacobs kwa kuwa hakuwa amemfunulia mwajiri wake yote, na akataka kuzitia habari hizo katika kitabu chake cha ushahidi. Jacobs akakataa. Alishika kalamu. *Incidents in the Life of a Slave Girl* ilitoka Boston mwaka 1861 kwa jina la kubuni, Linda Brent, ikihaririwa na Lydia Maria Child.

Kisha wakaja wataalamu. Kwa miaka zaidi ya 100 wengi walidhani Child ndiye aliyekitunga. Mwanahistoria John Blassingame, mtu mkubwa katika fani yake, alikikataa mwaka 1972 kwa sababu kilimwelekea kuwa na mpangilio na misukosuko mno. Yaani: kimefanana sana na riwaya. Ni Jean Fagan Yellin, katika miaka ya 1980, aliyezifuata barua za Jacobs kwa Amy Post zilizohifadhiwa Rochester, akalinganisha majina, nyumba na tarehe, na kuthibitisha kwamba dari ilikuwapo na mtu alikuwamo. Zingatieni mtego ule. Mwanamume akitunga maiti ukutani, tunasema ameijua kweli ya nafsi. Mwanamke akisema alizikwa mzima darini, tunasema ametunga.

Jacobs hakukaa kuwa mwandishi tu. Wakati wa vita alikwenda Alexandria, Virginia, kuwahudumia waliokuwa wakitoroka utumwa, na mwaka 1864 skuli yenye jina lake ilifunguliwa huko, yeye na binti yake Louisa wakiwa nguzo zake. Alifariki Washington tarehe 7 Machi 1897.

Siku 30 baadaye, tarehe 6 Aprili 1897, ilitolewa hapa Unguja amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa visiwani. Masuria hawakuhesabiwa humo. Ilisemwa kwamba wao ni watu wa nyumbani, na mlango wao ukafungwa hadi mwaka 1909. Nyumba walizokaa bado zimesimama. Watalii huzipiga picha milango. Dari zake tunazisifu kwa boriti za mikoko. Tuna mashairi ya mapenzi ya kujaza bahari, tuna waandishi wa tarehe, tuna kumbukumbu za Salma binti Said aliyekuwa mtoto wa suria na bado akautetea utumwa wa kwao mbele ya Wazungu mwaka 1886. Shairi la suria anayesema mwenyewe, anayechungulia kwa kitundu na kumtaja mtu kwa jina, mimi sijalisoma. Tunasema ni heshima kunyamaza, kwa kuwa wajukuu wa pande zote wanaoana na kula sahani moja. Na hao hao wanaonyamaza kwa heshima ndio wanaotaka kutufasiria wauaji wanane wa kigeni ili tupate kujua majuto ni kitu gani.

Wafasiri, wala sisemi waacheni. "The Black Cat" yangu iko tayari na wakiitaka nitawapa bure. Naitaka ikae kurasa zinazotazamana na sura ile ya Jacobs kuhusu dari. Ni fupi, Kiingereza chake si kigumu, na mahala pazito ni pawili au patatu tu, hasa pale anapozisikia sauti za wanawe chini yake na hawezi kuitika.